Bao Halina Mwenyewe, Gemu Inaye

Assalaam alaikum, na Tumsifu Yesu Kristo kwa wenzetu. Wazee wangu, shikamooni. Wadogo zangu, mambo? Naona vijana mmewaachia wazee viti vya mbele, na wazee wameviacha vitupu wakajipanga nyuma karibu na mlango. Nimeelewa. Mtu akiitwa Jumamosi kusikiliza habari za gemu, na korosho zimeshaanza kudondoka, lazima akae penye njia.

Mimi si profesa. Nilikuwa na kibanda cha gemu hapa Mtwara mjini kwa miaka sita: PlayStation 2 mbili, televisheni mbili za chogo, benchi moja, mechi shilingi 200. Kilichonitesa zaidi ni pedi za kuchezea. Kile kifito cha kushoto cha kumwongozea mchezaji kikilegea, mchezaji wako anatembea peke yake kuelekea kulia kama kalewa. Nilikuwa naifungua pedi kwa bisibisi ya fundi saa, nakata kipande cha ndala na kukichomeka chini ya kifito. Kinakaa wiki mbili, kinalegea tena. Sasa kulikuwa na mtoto mmoja wa Magomeni ambaye alikuwa anaiomba hiyo pedi mbovu makusudi. Alishajua kuirekebisha kwa kidole. Anamfunga mwenzake mabao manne, halafu anamwambia kwa upole, "Kaka, tubadilishane pedi?" Mwenzake anafungwa tena. (Kicheko.)

Tuanze na bao, maana hapa nikisema bao hakuna anayeuliza. Mashimo 32, kete 64. Ukikosa ubao unachimba mchangani, ukikosa komwe unaokota kokoto. Wazee wa Mikindani wakitaka mashindano, wanaafikiana siku, mshindi anapewa jogoo, basi. Nani amewahi kupokea barua kutoka kwa mwenye bao, kwamba mashindano yenu hayana kibali? Mpira nao ni hivyo hivyo. FIFA wana sheria zao na mashindano yao, lakini watoto wa Shangani wakifunga makaratasi kwa kamba, wanao mpira na hawadaiwi na mtu.

Gemu siyo hivyo. Kila gemu kubwa inayoshindaniwa duniani ni mali ya kampuni. eFootball ni ya Konami ya Japani. League of Legends ni ya Riot Games ya Marekani. Ile mliyozoea kuiita FIFA ni ya Electronic Arts. Waliachana na FIFA wenyewe, na tangu 2023 inatoka kwa jina la EA Sports FC. Kampuni hapo ndiyo FIFA, ndiyo TFF, ndiyo mwenye uwanja, ndiyo mshona mpira. Ikitaka, usiku inabadilisha uzito wa mpira, asubuhi mnaamka mnakuta mpira mwingine. Hilo ndilo nililokuja kusema leo. Mengine ni kulizungukia tu.

Mashindano yenyewe si ya juzi. Oktoba 1972, pale Chuo Kikuu cha Stanford, wanafunzi walishindania gemu ya vita vya angani, Spacewar!, na zawadi ilikuwa kuletewa gazeti la Rolling Stone mwaka mzima. Mwaka 1980 kampuni ya Atari ikaitisha mashindano ya Space Invaders Marekani, wakajitokeza watu zaidi ya 10,000. Angalieni nani aliitisha: mwenye kuuza. Mashindano yalikuwa tangazo la biashara, na mpaka leo kwa sehemu kubwa ni tangazo la biashara.

Ila Korea Kusini ilikwenda kinyume, na hapo ndipo patamu. Mwaka 1997 uchumi wao ulianguka, watu wakakosa kazi, vibanda vya kompyuta vikaota kila mtaa, na serikali ikawa inasambaza intaneti ya kasi. Mwaka 1998 ikatoka gemu ya vita, StarCraft, ya kampuni ya Blizzard, Mmarekani. Wakorea wakaipenda kuliko Wamarekani wenyewe. Mwaka 2000 wakawa na chama chao na stesheni ya televisheni ya gemu tupu. Yaani vibanda, kama changu mimi, ndivyo vilivyozaa ligi. Fainali ya 2004 ilifanyika ufukweni Busan, na iliripotiwa kwamba watu laki moja walifika. Halafu pesa za matangazo ya televisheni zilipoanza kuonekana, mwenye gemu akabisha hodi: "Samahani, hii ni mali yangu." Wakapelekana mahakamani, wakaja kupatana 2011. Wakorea waliijenga nyumba, kumbe kiwanja kilikuwa na hati ya mtu.

Mama mmoja pale ananiangalia kama anataka kuuliza pesa zinatoka wapi. Chukua Dota 2 ya kampuni ya Valve. Mashindano yake makubwa yalianza Cologne, Ujerumani, 2011, kwa zawadi ya dola milioni 1.6. Mwaka 2021, pale Bucharest, ilikuwa imepita dola milioni 40. Mtu anadhani Valve ni wakarimu. Hapana. Gemu yenyewe ni ya bure. Wanauza mapambo ndani yake, na tangu 2013 robo ya mauzo ya kitabu maalumu cha msimu ilikuwa inaingia kwenye zawadi. Wachezaji na mashabiki walikuwa wanachangishana wenyewe, na robo tatu inabaki kwa mwenye duka. Mwaka 2023 kampuni ikaubadilisha mpango huo. Zawadi ikashuka mpaka dola milioni 3 na kidogo. Hakuna aliyeulizwa. Wakulima wa korosho hapa mnaijua hali ya kwenda mnadani na kukuta bei nyingine.

Na hao angalau walibaki na mashindano. Desemba 2018 Blizzard walitoa tangazo kwamba ligi ya gemu yao Heroes of the Storm haitakuwepo mwaka unaofuata. Wachezaji walioacha shule, waliopanga nyumba, walisoma habari hiyo pamoja na watazamaji wao. Mwaka 2020 kundi la mashabiki Marekani lilitaka kuendesha mtandaoni mashindano ya gemu ya zamani ya Nintendo, ya mwaka 2001, maana korona ilikuwa imewafungia ndani. Nintendo wakawakataza kwa sababu ya programu waliyotumia kuichezea mtandaoni. Gemu ilikuwa na miaka 19, bado ina mwenyewe anayekohoa.

Sasa niseme na wazazi kidogo. Siku moja mama mmoja aliingia kibandani kwangu na mwiko mkononi, unga bado umeganda, akisema nimemfundisha mwanawe dubwi. Nilimweleza kwamba dubwi unatumbukiza sarafu na mashine ndiyo inaamua. Kwenye gemu vidole ndivyo vinaamua. Aliondoka na mtoto vilevile. Nilidhani nilikuwa na haki, na siku hizi sina uhakika sana, maana kampuni zimeirudisha kamari kwa mlango wa jikoni. Kijana ananunua pakiti ya wachezaji wa gemu ya mpira bila kujua ndani yumo nani, anafungua, anakuta mzigo, ananunua nyingine. Ubelgiji ilisema 2018 kwamba hiyo ni kamari, ikapiga marufuku, na EA wakaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti hizo. Mzazi akiona salio la simu linayeyuka, asiulize mtoto anacheza saa ngapi. Aulize ananunua nini.

Tuje Mtwara. Gemu za mtandaoni zinataka kasi ya kwenda na kurudi, siyo bando kubwa tu. Mwanga ndani ya mkongo wa intaneti unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kama mashine ya gemu iko Ulaya, kilomita 10,000 au zaidi kwa njia ya bahari, kwenda na kurudi ni milisekunde 100 hata kabla ya foleni za njiani. Gemu ya ngumi inachora picha 60 kwa sekunde. Maana yake unapigwa picha 6 kabla hujaona mkono. Na 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini, mnakumbuka, hata kutuma ujumbe ilikuwa kazi.

Lakini yupo kijana wa Lahore, Pakistan, Arslan Ash. Gemu yake ni Tekken, ya ngumi, mnakaa bega kwa bega, intaneti haihitajiki. Alijifunzia kwenye vibanda vya mtaani. Februari 2019 alifika Japani akiwa ameshahangaika na viza na ndege, hakuna anayemjua, akashinda mashindano ya EVO Japan. Agosti akashinda na EVO yenyewe, mashindano makubwa ya gemu za ngumi, Las Vegas, akimpiga kwenye fainali Mkorea anayeitwa Knee, jina zito mno katika gemu hiyo. Na alichowaambia watu ni kwamba kwao wako wengine wakali. Hawakuamini, mpaka Wakorea wakaanza kwenda Pakistan kujionea.

Mzee aliyenyoosha mkono, karibu. Anauliza: mwenye gemu akiizima, mtoto anabaki na nini?

Anabaki na vidole, mzee. (Kicheko.) Nisikudanganye, vidole havilipi ada. Yule wa Magomeni leo anatengeneza simu, na akishika bisibisi ile ndogo namkumbuka alivyokuwa akiigeuzageuza pedi. Sijui kama gemu ndiyo ilimfikisha hapo au angefika tu.

Amekuja, amekaa pale dirishani anajifanya hanijui. Nimeleta mashine yangu ya zamani, na luku ya ukumbi ina uniti nne, tufanye haraka. Pedi ni mbili tu. Moja nimeifunga na ndala jana usiku. Nani anacheza naye? Ila tafadhali, akiwaomba mbadilishane, kataeni.