Huyo Si Mimi: Kuanza Kazi ya Uandishi Kivuli

Ndugu zangu, habari za jioni. Nafurahi kuona wengi mmekuja na madaftari.

Mimi ni mwandishi kivuli. Mtu ana maisha ya kusimulia ila hana nafasi ya kuyaandika, au kalamu haimtii. Ananisimulia, naandika, na jalada linabeba jina lake. Msichanganye na wasifu. Shaaban Robert alipotoa Wasifu wa Siti binti Saad mwaka 1958, Siti alikuwa amefariki tangu 1950, na sauti ya mle ndani ni ya Shaaban. Sisi tunaandika tawasifu; anayesema "mimi" ni mwenye maisha. Hiyo "mimi" ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo iliyonishinda mwanzoni.

Wateja wangu wa kwanza walikuwa watoto wa mama mmoja wa Morogoro, muuza vitumbua. Walitaka kitabu kidogo cha kuwaachia wajukuu. Mama akaniambia: "Tulianua matanga ya mume wangu Jumamosi. Usiku ule ule nikaloweka mchele." Nikarudi nyumbani, nikaandika: "Baada ya kufiwa na mwenzi wangu, nilirejea katika shughuli za kujipatia kipato." Nilipomsomea alikuwa anageuza vitumbua. Kijiti kikabaki hewani. "Mwanangu, huyo si mimi. Huyo ni karani."

Nilifuta sura nzima. Mchele ule ulikuwa umebeba msiba, ufukara, na watoto wanne ambao kesho yake wangetaka kula. Mimi niliumwaga.

Kwa hiyo anayeanza asisubiri mheshimiwa amwite. Anza na bibi yako, au mjomba aliyestaafu reli. Tukio moja, alasiri moja, kurasa tatu. Omba ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti cha simu. Kurasa hizo, mwenyewe akiridhia, ndizo utakazomwonyesha mteja wa kwanza.

Usimuulize mzee tarehe, utamfunga mdomo. Muulize nani alikuwa mlangoni, nini kilikuwa jikoni. Yule mama hakujua alijenga nyumba yake mwaka gani. Alichojua ni kwamba walikuwa bado hawajaezeka alipokufa Waziri Mkuu Sokoine, maana habari za ajali ya Dakawa zilimkuta akichota maji ya kukandikia. Sokoine alifariki tarehe 12 Aprili 1984. Tukapata mwaka, tena tukapata na ndoo ya maji, ambayo tarehe peke yake isingetupa.

Malipo niseme haraka. Saa moja ya sauti hunichukua saa nne au tano kuinakili. Ukitoza kwa ukurasa bila kuhesabu hilo, utafanya kazi bure. Mimi hugawa mara tatu: tunapoanza, rasimu ya kwanza, na mwisho. Mkataba uwe wa maandishi hata kwa ndugu: hakimiliki ni ya nani, jina lako litatajwa au halitatajwa, kanda za sauti zitakwenda wapi.

Na mwandike pia nani mwenye neno la mwisho. Mara nyingi anayelipa ni mtoto na anayesimulia ni mzazi. Mtoto atataka ndoa ya kwanza ya baba ifutwe. Hapo mimi nasimama na mwenye maisha, hata kama pesa imetoka mfuko mwingine. Akisema mwenyewe "hili liache," naliacha, hata kama ndilo lililonogesha sura.

Kisha msomee kwa sauti. Kusoma kimya hakutoshi, wala kumpelekea karatasi. Yule mama nilimrudia na sura mpya. Nilipofika "nikaloweka mchele" aliinua mkono ninyamaze. Akakaa kitambo. Akasema: "Mchele wenyewe nilikopa. Ngoja nikwambie kwa nani." Nikawasha kinasa sauti.