Baiti Mbili Zinazoitambulisha Skripti

Ndugu zangu, karibuni. Nianze na jambo linalowachanganya wengi wanaoingia Linux: jina la faili halina uzito wowote hapa. Liite salamu.sh, salamu, au hata salamu.jpg, mkiomba kuliendesha, kiini cha mfumo (kernel, programu kuu inayosimamia kompyuta) hakijali. Windows ndiyo inayotazama mkia wa jina, kama .bat au .cmd, ikaamua.

Kwanza Linux hutazama ruhusa. Faili lisilo na ruhusa ya kutekelezwa, ile mnayoiweka kwa chmod +x, hukataliwa papo hapo. Likipita, kiini husoma baiti zake za mwanzo, na hapa ndipo penye utamu. Kikikuta baiti 7F ikifuatwa na E, L, F, kinajua hiyo ni programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Kikikuta #!, hiyo ni skripti, yaani faili la amri zilizoandikwa kwa maandishi ya kawaida: kinausoma mstari wa kwanza wote, tuseme #!/bin/sh, kinaianzisha /bin/sh, yaani sheli, programu inayosoma amri na kuzitekeleza, na kuikabidhi njia ya faili lenu. Sheli nayo, ikifungua faili, inakuta # na kudhani ni maelezo tu, inapita. Mimi naustaajabia ubunifu huu hadi leo. Dennis Ritchie wa Bell Labs aliueleza Januari 1980.

Kabla ya hapo kiini hakikuzijua skripti kabisa. Kilizikataa, na sheli iliyoomba ndiyo ikazisoma yenyewe. Desturi hiyo bado ipo! Ndiyo maana skripti isiyo na #! inaweza kwenda vizuri mkiiita kwenye terminali, kisha programu nyingine ikiita execve, yaani ombi kwa kiini la kuendesha faili, moja kwa moja, inagoma. Nawasihi, msiuache mstari ule, hata kwa skripti ya mistari miwili.

Kuna tatizo moja linalowatesa watu usiku kucha. Faili lililohifadhiwa kwa mtindo wa Windows lina herufi isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari. Kiini kinaihesabu kama sehemu ya jina, kinaitafuta /bin/sh yenye mkia huo, hakiioni. Mnaambiwa faili halipo, nanyi mnalitazama kwa macho! Yakiwapata, andikeni:

head -n 1 salamu | od -c

Mkiona \r kabla ya \n, ifuteni:

sed -i 's/\r$//' salamu