Ng'ombe wa Mary Johnson: familia moja ya Kiafrika katika Virginia ya karne ya 17

Shikamooni wazee, na wengine wote hamjambo. Nashukuru kwa kunialika, na nashukuru zaidi kwa chai, maana nimeendesha gari saa tatu kwenye mvua.

Kiangazi kikifika, nusu ya jumuiya yetu hapa Maryland huvuka daraja la Chesapeake kwenda Ocean City. Ukishavuka, dunia inabadilika: mahindi, soya, mabanda marefu ya kuku, kanisa dogo, mahindi tena. Karibu na Salisbury kuna kijito kinaitwa Wicomico. Mnapita jirani nacho mkiwa na vyakula na miavuli ya pwani, wala hakuna anayegeuza shingo. Lakini mwezi Septemba 1672 mjane mmoja aliyekuwa akiishi hapo aliandikisha kwa karani wa wilaya ya Somerset kwamba anawapa wajukuu zake watatu, Anthony, Richard na Francis, kila mmoja ng'ombe jike na ndama wake. Karani akaandika jina lake, Mary Johnson, na mbele ya jina akaongeza neno moja: Mweusi.

Huyu mama alikuwa ameishi Marekani miaka 50. Nataka tumfuate yeye, mumewe na watoto wao, kwa sababu ni moja ya familia chache za Kiafrika za wakati ule tunazoweza kuzifuata vizazi vitatu kwenye makaratasi. Na nawaonya mapema: karibu kila karatasi hiyo ni ya mahakama au ya ardhi. Hakuna barua ya mapenzi, hakuna picha. Tunawaona watu hawa pale tu mali yao inapoguswa.

Tuanze na mume. Virginia, jirani wa Maryland, ilikuwa koloni la Waingereza, na sensa yake ya mwaka 1625 iliwahesabu Waafrika 23 katika koloni zima. Mmoja wao aliandikwa "Antonio, Mweusi", aliyefika kwa meli iitwayo James mwaka 1621. Antonio ni jina la Kireno. Wareno walikuwa Luanda tangu miaka ya 1570, na waliokuwa wakipakiwa pale mara nyingi walimwagiwa maji ya ubatizo na kupewa majina ya Kikristo kabla ya kuvushwa bahari. Jina alilopewa na mama yake halikuandikwa popote. Lakini wengi waliopitia Luanda miaka ile walikuwa wasemaji wa Kikimbundu, na kwa Kikimbundu mtu ni mutu. Kwa hiyo kama mngekutana naye gatini, huenda maneno mawili matatu mngeelewana kabla Mwingereza hajafika.

Alipelekwa kwenye shamba la tumbaku la Bennett, kando ya mto James. Hakumaliza hata mwaka. Asubuhi ya tarehe 22 Machi 1622 Wapowhatan, wenyeji wa nchi ile, chini ya kiongozi wao Opechancanough, walishambulia mashamba ya Waingereza yaliyokuwa yakizidi kula ardhi yao. Walikufa walowezi 347 kwa siku moja, na kwenye shamba la Bennett peke yake zaidi ya 50. Antonio alikuwa miongoni mwa wachache waliosalimika. Baadaye mwaka huohuo ikaja meli nyingine, Margaret and John, ikamleta mwanamke Mwafrika. Sensa inamwita "Mary". Shamba lilikuwa limejaa makaburi, na hawa wawili wakaoana hapo. Walikaa pamoja zaidi ya miaka 40 na wakapata watoto wanne. Wale mnaojua vifo vya Virginia enzi zile, malaria, kuhara, njaa, mtakubali kwamba miaka 40 ya ndoa ilikuwa ajabu hata kwa tajiri wa Kiingereza.

Sasa, walikuwa watumwa au watumishi? Hapa ndipo watu wanapogombana. Virginia ya miaka ya 1620 haikuwa na sheria ya utumwa iliyoandikwa. Maelfu ya Waingereza maskini walikuja kwa mkataba: unatumikia miaka minne, mitano, saba, kulipia nauli yako, kisha uko huru. Waafrika walinunuliwa na kuuzwa, lakini hatima ya kila mmoja ilitegemea bwana wake, bidii yake na bahati. Antonio na Mary walitoka. Kufikia miaka ya 1640 walikuwa huru, wamehamia ng'ambo ya ghuba ya Chesapeake, katika wilaya ya Northampton, na Antonio ameshakuwa Anthony Johnson.

Kuna kumbukumbu ya mwaka 1645 ninayoipenda kuliko zote. Mwafrika aitwaye Anthony, na wanahistoria wengi wanamchukulia kuwa ndiye huyu, alitoka kugawana shamba la mahindi na Kapteni Taylor. Akamwambia karani kwamba amefurahi, kwa kuwa sasa anaijua ardhi yake mwenyewe, atafanya kazi anapotaka na kucheza anapotaka. Karani aliyaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa. Nadhani yalimshangaza.

Mwaka 1651 akapata ekari 250 kando ya mto Pungoteague. Ilikuwaje? Virginia ilikuwa na utaratibu wa kulipia vichwa: ukigharamia mtu kuja kolonini, unapewa ekari 50. Anthony alidai vichwa vitano. Mmoja wao ni Richard, mwanawe mwenyewe! Watatu wana majina ya Kiingereza. Wa tano karani alimwandika John Gesorroro, jina ambalo wanahistoria wanalisoma kuwa ni John Casor, na huyo tutarudi kwake muda si mrefu. Mwaka uliofuata mwanawe mkubwa John akapata ekari 550, na Richard akapata 100 mwaka 1654. Mwaka 1657 binti yao Joan naye akapewa ekari 100, mara hii na chifu wa wenyeji. Hii ndiyo familia: baba, mama, wavulana wawili, wasichana wawili, nguruwe msituni, ng'ombe wenye alama masikioni, tumbaku kwenye mapipa.

Mapema mwaka 1653 moto ukaunguza shamba. Waliiomba mahakama ya wilaya iwahurumie, na mahakama ikasema kwamba hawa wamekaa Virginia zaidi ya miaka 30 na kazi zao ngumu zinajulikana. Kisha ikawasamehe Mary na mabinti zake wawili kodi maisha yao yote. Tusimame hapo kidogo. Tangu 1643 sheria ya Virginia ilitoza kodi kila mwanamke Mwafrika, huku mwanamke wa Kiingereza akiachwa, kana kwamba mikono ya mmoja ni ya jembe na ya mwingine ni ya jikoni. Kwa karatasi moja, Mary na binti zake wakawa mbele ya mtoza kodi sawa na majirani zao Wazungu. Wanawake watatu tu, katika wilaya moja. Sheria yenyewe haikuguswa.

Haya, Casor. Najua wengine mmekuja kwa ajili yake, kwa sababu ya ile picha inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: "Mtu wa kwanza kumiliki mtumwa Marekani alikuwa Mwafrika." Kwanza, yule bwana pichani si Anthony Johnson. Anthony alikufa mwaka 1670 na kamera ilikuja zaidi ya miaka 150 baadaye. Kuhusu maneno yenyewe, sikilizeni kisa.

Kapteni Samuel Goldsmith alifika nyumbani kwa Johnson kuchukua pipa la tumbaku. Casor akamwendea akamlilia: mimi nilikuja kwa miaka saba au minane tu, na huyu amenizidishia miaka saba mingine. Johnson akajibu kwamba hajawahi kuona mkataba wowote, na kwamba Casor ni wake maisha. Jirani mmoja Mzungu, Robert Parker, akaingilia, akamchukua Casor shambani kwake. Sasa fikirieni kikao cha ukoo kilichofuata. Mke, wavulana wawili na mkwe walimshika mzee wakimsihi amwachie. Sababu iliyoandikwa haina utakatifu wowote: walihofia kwamba Casor akishinda, atadai fidia na ng'ombe wengi wataondoka. Mzee akakubali. Kisha akabadilisha mawazo, akaenda mahakamani, na tarehe 8 Machi 1655 mahakama ya Northampton ikaamuru Casor arudishwe kwa bwana wake, na Parker alipe gharama.

Ni kweli, basi, kwamba Mwafrika aliyetoka utumwani alimrudisha Mwafrika mwenzake utumwani kwa nguvu ya mahakama ya Kiingereza. Sitampamba. Casor alikuwa na mdomo wake, alijitetea, na akashindwa. Lakini wa kwanza? Mwaka 1640, miaka 15 kabla, mahakama ya Virginia iliwahukumu watumishi watatu waliotoroka pamoja. Wazungu wawili waliongezewa miaka. Wa tatu, Mwafrika aitwaye John Punch, alihukumiwa kutumika maisha yake yote. Na kabla ya hapo Waafrika "ishirini na ushei" walishabadilishwa kwa chakula pale Point Comfort, Virginia, mwaka 1619. Anayekutumia ile picha anataka Johnson abebe mzigo wa bara zima. Mwambie amebeba wake, unamtosha.

Tena angalieni walichofanya Waingereza kwa sheria zao. Mwaka 1662 Virginia ikaamua kwamba mtoto anafuata hali ya mama: mama mtumwa, mtoto mtumwa. Mwaka 1667, kwamba ubatizo haumkomboi mtu. Mwaka 1670, kwamba Mwafrika au mwenyeji, hata akiwa huru na amebatizwa, hawezi kununua mtumishi Mkristo. Sheria hii ya mwisho ingekuwepo miaka 20 nyuma, isingemruhusu Anthony kununua mtumishi wa Kiingereza, ingawa ilimwachia Mwafrika huru kumnunua Mwafrika mwenzake. Mlango aliopitia ulifungwa nyuma yake, na funguo hakuwa nazo yeye.

Mwenyewe nadhani alinusa hali ya hewa. Mwaka 1665 akauza ekari 200, akamwachia Richard 50 zilizobaki, na wakahamia Maryland na mifugo yao: ng'ombe 14, kondoo 18 na farasi jike mmoja. Huko Somerset alikodi ekari 300, na shamba likaitwa Tonies Vineyard, yaani shamba la mizabibu la Tony. Hata huko Virginia ilimfuata. Mwaka 1667 Edmund Scarburgh, mpima ardhi mkuu wa koloni na mmoja wa watu waliogopwa sana upande ule wa ghuba, alipeleka mahakamani barua ambamo Johnson eti anakiri deni la pauni 1,344 za tumbaku. Johnson alikuwa hajui kuandika. Scarburgh akapewa tumbaku.

Anthony akafa mwaka 1670. Mwezi Agosti mwaka huohuo baraza la wazee wa mahakama huko Virginia likakaa kuijadili ardhi aliyokuwa ameimiliki, likaamua kwamba inaweza kuchukuliwa na koloni, kwa maelezo haya: alikuwa Mweusi, na kwa hiyo alikuwa mgeni. Mgeni! Aliyeandikwa kwenye sensa ya 1625, aliyenusurika 1622, ambaye mahakama hizohizo zilishamwita mkaazi wa zaidi ya miaka 30. Zile ekari 50 za Richard ziliishia mikononi mwa jirani Mzungu, George Parker. Jina la Parker mmeshalisikia leo.

Ndipo tunapomrudia Mary. Miaka miwili baada ya uamuzi ule anakwenda kwa karani na ng'ombe wake. Angalieni anachogawa. Ardhi ya Virginia ilishaonekana inavyoweza kuyeyuka kwa neno moja, na ya Maryland ni ya kukodi. Ng'ombe ana miguu. Ana alama sikioni na inaandikwa daftarini, anazaa, na ukilazimika kuvuka mpaka usiku unamswaga mbele yako. Wamasai na Wasukuma mlioko humu hamhitaji nieleze zaidi.

Mjukuu mwingine, John, mtoto wa yule mwana mkubwa, alinunua ekari 44 Somerset mwaka 1677. Maryland ilikuwa na desturi ya kuyapa mashamba majina, na jina linaingia kwenye hati: hapo mwenye shamba anachagua. Kijana huyu hakuwahi kuiona Afrika. Babu yake alikuwa kaburini mwaka wa saba. Karani aliandika Angola.

John alifariki mwaka 1706 bila kuacha mtoto, na baada yake jina la shamba halina mwenyewe tena kwenye makaratasi ya familia. Anayetaka kuona eneo lenyewe, nina ramani hapa mezani, njooni mbele. Mama pale nyuma alikuwa na swali tangu tulipomzungumzia Casor.