Msinihesabie Vichwa

Walionisikia Mlimani mwaka jana wanaijua hadithi ya milu. Watanivumilia, maana bado naona taarifa za wanyama walio hatarini kutoweka zinaandikwa "idadi imeongezeka" na watu wanapiga makofi.

Milu ni ayala wa China. Ayala, yule wa Zaburi anayeionea shauku mito ya maji, si swala. Swala hufa na pembe zake, ila dume la ayala huziangusha kila mwaka likaota mpya. Wachina husema milu ana kwato za ng'ombe, shingo ya ngamia na mkia wa punda. Porini aliisha zamani, likabaki kundi moja katika bustani ya kuwindia ya mfalme wao, kusini mwa Beijing. Mwaka 1895 mafuriko yakabomoa ukuta, wenye njaa wakawala waliotoroka. Mwaka 1900 vita vikamaliza waliosalia.

Bahati nzuri, Wazungu walikuwa wameshajichukulia wachache. Duke wa Bedford, huko Uingereza, akakusanya 18 shambani kwake Woburn. Waliozaa ni 11. Timu ya mpira, tena bila wa akiba! Mwaka 1985 vitukuu vyao vikarudishwa Beijing, na leo wako maelfu.

Hapo kuna mtu hunyoosha mkono: "Wamefika maelfu, Mwalimu, unalalamika nini?" Leo namjibu kabla hajanyoosha. Shangazi yangu wa Mbagala alianza na majike manne na beberu mmoja. Kwenye daftari lake akaandika kwa fahari: mbuzi 30. Wote watoto na wajukuu wa beberu yule yule, na beberu bado yumo kazini! Vitoto vikaanza kuzaliwa havina nguvu hata ya kusimama kunyonya. Daftari lilisema 30. Nasaba ilisema watano. Alipona siku alipokwenda mnadani Pugu kununua dume la watu wengine.

Milu hana Pugu. Wamasai wanaujua ule ugonjwa unaofanya wahamishe ng'ombe nyumbu wanapozaa. Ugonjwa ndugu wa huo, unaotoka kwa kondoo, humuua milu vibaya mno. Sisemi udugu ndio uliomdhoofisha. Nasema ukitafuta anayestahimili, unatafuta ndani ya ukoo uleule wa 11.

Ndiyo maana nataka vinasaba (DNA) vipimwe, na si lazima umkamate mnyama. Mavi mabichi yana ute wa utumbo juu yake, na ndani ya ute mna chembe za mnyama mwenyewe. Unafuta kwa pamba, unapeleka maabara, unajua nani ndugu ya nani na dume lipi lihamishiwe wapi.

Sangai, ayala mwingine wa Manipur, India, anayeishi juu ya majani yanayoelea ziwani, mwaka 1975 walihesabiwa 14. Hesabu ni ileile, narukia kwetu.

Paa nunga, swala mdogo wa msituni, yuko Unguja na pwani ya Kenya, basi. Wachache walipelekwa kisiwani Chumbe. Kabla hamjawaongezea wenzao, mnajua waliopo ni koo ngapi? Na kumleta wa Kenya, je, hizo koo hazijatengana muda mrefu mno? Swali hilo peke yake lataka saa nzima, na mwenyekiti ameshasimama.

Mwenye nafasi kwenye boti ya Chumbe anione hapo nje. Pamba na mifuko ninavyo.