Milwaukee Si Mkia wa Indianapolis

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango kana kwamba mnajiandaa kutoroka, nawashukuru kwa kunialika tena. Wengi wenu mmeshanisikia nikilalamika juu ya jambo hili kwenye vikao vya chai, na leo nimepewa kipaza sauti, kwa hiyo mtavumilia.

Lalamiko langu ni hili. Kila anayesimulia historia ya mbio za magari ya magurudumu wazi, yaani yasiyofunikwa magurudumu, nchini Marekani huanzia Indianapolis, penye zile mbio kubwa za maili 500 za kila mwaka, na kuishia Indianapolis, na katikati, akikumbuka, hudokeza kwamba wiki moja baadaye madereva walikwenda Milwaukee. Uwanja ule uliomo ndani ya viwanja vya maonyesho vya jimbo la Wisconsin, katika mji wa West Allis, hutajwa kama makombo yanavyotajwa baada ya karamu. Mimi nasema kwamba uwanja mfupi wa Milwaukee una historia yake wenyewe, na kwamba mara kadhaa historia hiyo ilitangulia huku Indianapolis ikifuata nyuma.

Tuanze na umri, ingawa si hoja yangu kubwa. Tarehe 11 Septemba 1903, kwenye njia ya udongo iliyotengenezwa kwa ajili ya farasi, William Jones wa Chicago alishinda shindano la mizunguko mitano, na mzunguko wake wa kasi zaidi ulichukua sekunde 72. Uwanja wa Indianapolis ulifunguliwa mwaka 1909, na zile maili 500 za kwanza zilikimbiwa mwaka 1911. Nani kaka na nani mdogo, hesabu hiyo haihitaji kalamu. Najua yupo atakayesema kwamba ukongwe peke yake hauna maana, kwani hata gofu lililoachwa porini ni kongwe. Namkubalia, na ndiyo maana naomba tuuache umri tulitazame umbo la uwanja wenyewe, kwa sababu humo ndimo jambo lenyewe lilimojificha.

Mzunguko mmoja wa Milwaukee una urefu wa kilomita 1.63, sawa na kuizunguka mara nne njia ya wanariadha. Kona zake zimeinuliwa kwa digrii 9 na robo tu. Indianapolis nako kona zimeinuliwa kiasi hichohicho, lakini mzunguko wa kule una kilomita 4, kwa hiyo gari lina nafasi ya kunyooka, kupumua na kukusanya kasi kabla ya kona inayofuata. Milwaukee haikupi nafasi hiyo. Kona ni ndefu, zimebana, na karibu ni tambarare. Dereva hana ukuta wa lami wa kuegemea kama ilivyo kwenye uwanja wa Daytona kule Florida, ambako mwinamo unafika digrii 31, na akiwahi mno kukanyaga mafuta wakati wa kutoka kwenye kona, gari linamponyoka na kukimbilia ukutani. Injini kubwa inamsaidia mtu pale tu anapoweza kuikanyaga, na kwenye uwanja huu muda wa kuikanyaga ni mfupi.

Mafundi wanalijua hilo, na dawa yao mtaielewa mkienda nyumbani mkachukua kikombe cha plastiki, kile chenye mdomo mpana na kitako chembamba, mkakibiringisha sakafuni. Hakitakwenda moja kwa moja. Kitakata duara kuelekea upande wa kitako. Kwenye uwanja wa duaradufu magari hukata kona za kushoto peke yake, kwa hiyo fundi hufunga upande wa kulia tairi yenye mzingo mkubwa kidogo kuliko ya kushoto, na gari zima likawa kile kikombe: linataka kugeuka kushoto lenyewe kabla dereva hajalishurutisha. Akizidisha tofauti hiyo, gari linamsumbua dereva kwenye sehemu iliyonyooka. Akiipunguza mno, gari linagoma kugeuka. Kwenye mbio za Milwaukee watu wameshinda na kushindwa kwa vipimo vya namna hii, na ndiyo maana mtu anayezipima kwa nguvu ya injini hunichosha.

Juu ya miaka ya udongo nitamtaja mtu mmoja tu, Rex Mays, bingwa wa taifa wa mwaka 1940 na 1941. Mwezi Juni mwaka 1948, hapo Milwaukee, dereva mwenzake, Duke Dinsmore, alirushwa nje ya gari lake akaanguka njiani, na Mays aliyekuwa akija nyuma yake akaamua kuligongesha gari lake ukutani badala ya kumkanyaga mwenzake. Mays mwenyewe alifariki mwezi Novemba 1949 katika mbio za Del Mar, California, naye pia akiwa amerushwa nje ya gari. Mbio za Juni za Milwaukee zilipewa jina lake kwa miaka mingi, na uwanja ukatiwa lami mwaka 1954.

Sasa nafika kwenye hadithi yangu, na naomba wale wanaoifahamu wasinisaidie kuimalizia.

Mwaka 1963, timu ya Lotus kutoka Uingereza ilipeleka Indianapolis magari madogo mepesi yenye injini nyuma ya dereva. Wamarekani waliyacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa kuwa dereva wa timu hiyo, Jim Clark, alimaliza wa pili. Historia za kawaida hurukia moja kwa moja mwaka 1965, Clark aliposhinda Indianapolis, na kutangaza kwamba siku hiyo ndipo injini ya mbele ilipozikwa. Lakini tarehe 18 Agosti 1963 Clark alikuwa Milwaukee kwa mbio za mizunguko 200, akaongoza tangu mwanzo hadi mwisho, akawapita kwa mzunguko mzima washindani wote isipokuwa mmoja, A. J. Foyt. Huo ndio uliokuwa ushindi wa kwanza wa gari lenye injini nyuma katika mashindano yale ya ubingwa wa taifa. Ulipatikana kwenye uwanja mfupi, karibu miaka miwili kabla ya Indianapolis kuushuhudia. Niambieni basi, kati ya viwanja hivi viwili, kipi ni mkia?

Mpinzani wangu, ambaye huwa namwazia kama mtu mwenye miwani na haraka, atasimama hapa na kuniambia kwamba nimejifunga mwenyewe: nimesema uwanja huu haujali mashine, kisha nimesifu ushindi wa mashine mpya. Ngoja kwanza, ndugu yangu.

Tukae na yule mmoja ambaye Clark hakumpita, A. J. Foyt wa Texas. Kufikia mwaka 1965 alikuwa bingwa wa taifa mara nne, na alikuwa mtu wa mwisho kushinda Indianapolis kwa gari lenye injini mbele, mwaka 1964. Wakati huo ubingwa uligombewa kwenye lami na kwenye udongo pia, kwa hiyo dereva mmoja alihitaji magari mawili ya tabia tofauti kabisa. Gari la lami lilikuwa chini, jembamba, injini nyuma. Gari la udongo lilikuwa limesimama wima kama kiti cha mzee wa baraza: injini mbele, ekseli ngumu zisizojikunja, na dereva ameketi juu, mabega nje, akiushika usukani mkubwa karibu na kifua.

Mwezi Agosti mwaka 1965, zilipangwa mbio za udongo za Springfield, Illinois, Jumamosi, na mbio za lami za Milwaukee Jumapili. Baina ya miji hiyo kuna zaidi ya kilomita 400. Foyt alimaliza kazi ya Springfield, akafika Milwaukee, na gari lake la lami halikuwepo. Mtu mwingine angenunua soda akakaa jukwaani. Foyt aliliteremsha kwenye trela gari lilelile la udongo la jana yake; likaoshwa, likafungwa tairi za lami, na akaingia nalo kwenye majaribio ya kupanga nafasi za kuanzia, akizungukwa na magari ya kisasa yenye injini nyuma ambayo wataalamu walikuwa wameshayatawaza.

Akapata nafasi ya kwanza.

Nawaomba mlitazame jambo hilo kwa utulivu, kwa sababu watu hulisikia kama kichekesho na kulipita. Hii ilikuwa miezi mitatu baada ya Clark kushinda Indianapolis, miezi mitatu baada ya yale yanayoitwa mazishi. Maiti ikaamka, ikaoga, ikawashinda waombolezaji wote kwa kasi ya mzunguko mmoja. Wala haikuishia kwenye majaribio, kwa sababu katika mbio zenyewe Foyt alimaliza wa pili, nyuma ya Gordon Johncock, kijana aliyekuwa akipata ushindi wake wa kwanza katika ngazi hiyo na ambaye baadaye angeshinda Indianapolis mara mbili. Kwenye uwanja wa kilomita 4, ambako uzito na umbo la gari hudai haki yao kwa kila mita, jambo hilo lisingewezekana. Kwenye kilomita 1.63 liliwezekana, maana mtu aliyezoea gari linaloteleza kwenye udongo alijua namna ya kulishika likiteleza kwenye lami tambarare, na alijua sehemu gani hasa ya kona ya kuanza kukanyaga mafuta.

Kwa hiyo namjibu mwenye miwani hivi: sijasema mashine haina maana. Clark alikuwa na mashine bora, lakini ubora uliomfaa Milwaukee ulikuwa wepesi na namna gari lilivyokaa kwenye kona, wala haukuwa nguvu. Foyt miaka miwili baadaye alionyesha kwamba sehemu kubwa ya ubora huo mtu mwenye mikono anaweza kuufidia.

Na asije mtu akaniambia kwamba huo ulikuwa mwujiza wa siku moja. Mwaka 1981, injini zenye turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa ya ziada ili ipate nguvu, zilipokuwa zimetawala kila kitu, Mike Mosley alianza mbio za Milwaukee katika nafasi ya mwisho kabisa, ya 25, akiendesha gari la Eagle la Dan Gurney lenye injini ya Chevrolet isiyo na turbo. Alishinda. Kijana mmoja aliwahi kuniuliza kama Mosley alikuwa na bahati. Nilimjibu kwamba bahati humpitisha mtu gari moja au mawili.

Naona Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nilikuwa na kurasa nne zaidi, kwa hiyo nitakimbia. Mwaka 1991 Michael Andretti alishinda, binamu yake John akawa wa pili, na baba yake Michael, Mario, akawa wa tatu. Ukoo mmoja ulijaza jukwaa zima la washindi. Mwaka 1993 Nigel Mansell, bingwa wa dunia aliyetoka Formula 1, alipata hapa ushindi wake wa kwanza kwenye uwanja wa duaradufu, baada ya kuumia kwenye ukuta wa Phoenix miezi miwili kabla. Mwaka 1997 ilikuwa zamu ya Greg Moore, mwenye miaka 22. Nilitaka kuzungumza pia juu ya timu ya mpira wa Kimarekani ya Green Bay Packers, iliyokuwa ikicheza baadhi ya mechi zake katikati ya uwanja huuhuu na ikatwaa hapo ubingwa wa mwaka 1939, lakini hilo liacheni.

Siwezi kuliacha suala la mgawanyiko. Tangu mwaka 1996 mchezo huu uligawanyika katika mashirikisho mawili yaliyokuwa hayaelewani, na kati ya mwaka 2004 na 2006 yote mawili yalikuja Milwaukee kwa nyakati tofauti za mwaka uleule, kama wake wenza wanaopika vyungu viwili kwenye jiko moja, kila mmoja akidai wageni ni wake. Wageni wakachoka. Mashirikisho yaliungana mwaka 2008, lakini kufikia mwaka 2010 hapakuwa na mbio, kwa kuwa mwandaaji wa wakati huo alishindwa kulipa ada alizodaiwa. Zikarudi mwaka 2011, zikahamishwa tarehe mara kwa mara hadi ile desturi ya wiki moja baada ya Indianapolis ikafa, na baada ya mwaka 2015 zikatoweka tena. Wanaosema kwamba watu waliuchoka uwanja mfupi wangejiuliza kwanza kama watu hao walikuwa wakijua mbio ni lini.

Zilirudi mwaka 2024, siku mbili mfululizo, Pato O'Ward akishinda Jumamosi na Scott McLaughlin Jumapili. Na mwaka 2025 Alex Palou, aliyekuwa ameshaunyakua ubingwa wa msimu huo, alianza mbele ya wote na kuongoza mizunguko 199 kati ya 250. Karibu na mwisho mbio zilipunguzwa kasi, Palou akabaki njiani na tairi zake zilizochakaa, naye Christian Rasmussen wa Denmark, ambaye hakuwa amewahi kushinda, akaingia kwa mafundi wake akafungiwa tairi mpya. Walipoachiwa tena, Rasmussen alipita magari ya mbele yake moja baada ya jingine, kwenye kona zilezile za digrii 9 na robo, na gari la mwisho alilolipita lilikuwa la Palou.

Mwenyekiti, nimemaliza. Yule mwenye miwani kama yumo humu ukumbini, aanze yeye kuuliza.