Begi la Mlimani: Mkanda Hung'oka Wapi?

Habari za asubuhi. Umbo, rangi na mifuko ya begi tutavipitia haraka. Sehemu kubwa ya saa yetu itaishia kwenye mzizi wa mkanda wa bega, kwa sababu hapo ndipo begi la kupandia mlima hufia.

Geuzeni begi ndani nje, mtazame mkanda ulipoingilia. Fundi mwenye haraka huuchomeka katikati ya mshono na kupitisha cherehani mara moja. Sasa mtu anateremka milima ya Ngong na kilo 12 mgongoni. Kila hatua mzigo unaruka, mkanda unavuta. Mara nyingi uzi haukatiki. Kitambaa ndicho huchanika kwenye matundu ya sindano. Ukiongeza njia tano za uzi juu kwa juu, umezidisha matundu tu, na kitambaa kitakatika kwa mstari kama karatasi ya stempu.

Fanyeni hivi. Kateni kiraka cha sm 10 kwa 10 cha kitambaa kile kile, mkishone nyuma ya paneli ya mgongo. Lazeni sm 4 za mkanda juu yake, mshone mraba, kisha msalaba ndani ya mraba. Hatua ya mshono iwe mm 3 hadi 4, sindano namba 16 au 18, uzi wa poliesta. Uzi wa pamba, hata uwe mnene namna gani, huoza kwa jasho na mvua. Ncha ya mkanda wa nailoni ichomwe kwa kiberiti kabla ya kushonwa, isifumuke. Na tafadhali, kitambaa kisichopitisha maji msikibane kwa pini, maana tundu lake halijifungi. Vibanio vya nguo vinatosha.

Sasa vipimo. Inamisha kichwa: mfupa unaotokeza nyuma ya shingo ndio mwanzo. Shika nyonga, vidole gumba vielekee uti wa mgongo. Mstari kati ya vidole hivyo ndio mwisho. Urefu huo ndio saizi ya begi, hata kama mvaaji ni mrefu kama mlingoti. Mkanda wa kiuno ukae juu ya mifupa ya nyonga, kwa kuwa nyonga ndizo zinazopaswa kubeba sehemu kubwa ya uzito. Ukikaa tumboni, mabega yatabeba yote. Sponji ya godoro haifai kujazia mikanda, hubonyea ikabaki kama kitambaa; tafuteni ile ngumu ya mikeka ya mazoezi, mm 8 hadi 10.

Kabla ya kumpa mtu begi, tieni ndani pakiti saba za unga za kilo mbili mbili, mlinyanyue kwa ghafla mara hamsini kwa kila mkanda, kisha mlimulike kwa tochi kutoka ndani. Matundu yakiwa yamevutika na kuwa marefu, badilisheni paneli nzima. Kufumua na kushona tena mahali pale pale kutaongeza matundu mengine.