Kidonge Kimoja kwa Siku: Kuishi na Tiba ya Homoni Pale Saratani ya Ovari Isipoweza Kupasuliwa

Mama zangu, dada zangu, wauguzi wenzangu, na ninyi nyote mliowasindikiza wagonjwa wenu:

Katika kazi yangu ya uuguzi, siku niliyoiogopa zaidi ni ile ambayo mgonjwa anaelezwa kwamba uvimbe umeshikana na matumbo kiasi kwamba daktari hawezi kuutoa bila kumdhuru, kisha anakabidhiwa pakiti ndogo ya vidonge na kuambiwa ameze kimoja kila siku. Familia hunigeukia na kuuliza, "Ndiyo mmetuachia hivyo?" Hapana, hatujawaachia, na leo nataka niwaeleze kwa nini.

Saratani ya ovari, yaani ya vifuko vya mayai, ina aina nyingi. Ile iliyo ya kawaida zaidi hukua haraka na mara nyingi huitikia dripu za tibakemikali. Ipo nyingine, iitwayo ya daraja la chini, ambayo haifikii wagonjwa kumi katika mia. Hukua polepole, huwapata wengi wakiwa bado vijana, na tibakemikali huipunguza kidogo tu. Seli za aina hii mara nyingi zina vipokezi vya estrojeni, yaani sehemu ambazo homoni hiyo ya kike hushika, na inapovifikia, seli huchochewa kugawanyika. Ndiyo sababu kinyama kilichochukuliwa kwa sindano hupimwa vipokezi hivyo maabara. Ombeni nakala ya majibu hayo na mwitunze pamoja na kadi ya kliniki, maana kila daktari mpya ataihitaji.

Wazo la kuinyima saratani homoni hiyo, ambalo ndilo msingi wa vidonge hivi, ni la zamani. Mwaka 1896 daktari George Beatson wa Glasgow alieleza jinsi uvimbe wa saratani ya titi ulivyopungua kwa wanawake aliowatoa ovari, wakati ambapo estrojeni yenyewe ilikuwa haijagunduliwa.

Wengi huniuliza estrojeni hutoka wapi ikiwa mama amekwisha kukoma hedhi. Tezi zilizo juu ya figo huendelea kutengeneza homoni nyingine, na kimeng'enya kiitwacho aromatasi, kilichomo kwenye mafuta na misuli, huzigeuza kuwa estrojeni. Letrozoli ya miligramu 2.5 au anastrozoli ya miligramu 1 hukizuia kimeng'enya hicho, ilhali tamoksifeni hukaa kwenye kipokezi ili estrojeni isipate nafasi. Kwa dada ambaye bado anaona siku zake, letrozoli peke yake haitoshi, kwa sababu ubongo huzihimiza ovari zizalishe zaidi; huyo huhitaji pia sindano ya kuzituliza, kama goserelini, kila baada ya siku 28. Akiikosa sindano, asidhani kwamba vidonge vinamlinda.

Sasa tuseme ukweli kuhusu matarajio. Tiba hii haikusudiwi kuumaliza ugonjwa, bali kuuzuia usisonge mbele kwa muda mrefu iwezekanavyo. Kwenye majibu ya picha, neno "haujabadilika" ni habari njema, ingawa nimeona familia zikilia zikilisikia, kwa kuwa zilitarajia uvimbe uwe umetoweka. Ushahidi tulio nao umetokana zaidi na makundi madogo ya wagonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka Texas ulionyesha kwamba wanawake wa aina hii ya daraja la chini walioendelea na homoni baada ya matibabu ya kwanza walikaa kwa wastani wa kati wa miezi 64.9 bila ugonjwa kusonga, dhidi ya miezi 26.4 kwa waliofuatiliwa tu. Lakini wale walikuwa wamepasuliwa, kwa hiyo tusiichukue hesabu hiyo kuwa ahadi kwetu.

Kinachonisumbua zaidi ni wagonjwa wanaoacha dawa kimyakimya. Mama mmoja niliyemhudumia alikuwa akiamka alfajiri vidole vimekakamaa hata hawezi kukamua nguo wala kushika mwiko. Aliamini saratani imeingia mifupani, akaogopa kuuliza, akaacha vidonge kwa wiki kadhaa. Kumbe yalikuwa maudhi ya letrozoli, ambayo yana namna ya kushughulikiwa: kutembea kila siku, dawa za maumivu, na yakizidi, daktari kubadilisha aina ya kidonge. Niliumia kwamba hatukumweleza mapema. Dawa hizi za kuzuia aromatasi hudhoofisha mifupa pia, kwa hiyo ulizeni kuhusu kipimo cha mifupa, kalsiamu na vitamini D. Joto la ghafla la usiku huja na kuondoka. Ukavu ukeni nao huumiza ndoa nyingi kwa sababu hausemwi. Vilainishi vya maji vipo, na baba wa nyumbani anapaswa kuelezwa kwamba mkewe hajamchoka. Krimu zenye estrojeni zisitumike bila daktari kujua.

Anayetumia tamoksifeni akivimba mguu mmoja, akibanwa pumzi ghafla au akitokwa damu ukeni, aende hospitali siku hiyo hiyo. Anayetibiwa kifua kikuu aitaje saratani yake kliniki, kwani rifampisini hupunguza sana kiwango cha tamoksifeni mwilini. Na kwa kuwa uvimbe bado umo tumboni, kutapika mfululizo pamoja na kukosa choo na hewa ni dharura. Huenda utumbo umeziba.

Wauguzi wa tiba shufaa wakaribishwe tangu mwanzo, wakati mgonjwa bado anakwenda sokoni na kanisani au msikitini, ili maumivu, usingizi na hofu vishughulikiwe kabla havijakomaa.

Anastrozoli imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2015, lakini kuwamo kwenye orodha hakumaanishi kwamba imo kwenye famasia ya wilayani kwenu. Pakiti ikibakiwa na vidonge kumi, mtu mmoja wa familia, aliyetajwa kwa jina, aanze kuitafuta nyingine.